Madaftari Kumi na Manne ya Kinamasi

Rafu ya juu ilikuwa tupu.

Inspekta alisimama mbele ya kabati la chuma, mikono nyuma, akalitazama kimya kama mama anayemtazama mtoto aliyelala. Rafu ya chini ilikuwa na madaftari saba yamesimama wima, na pembeni mtu ameyawekea tofali yasianguke. Rafu ya juu, iliyokuwa na madaftari kumi na manne, haikuwa na kitu. Hata vumbi halikuwepo. Mtu alikuwa amelipangusa.

"Mwizi gani huyu anayefuta vumbi?" aliuliza Koplo.

Koplo alikuwa mtu mzima, amebakiza mwaka mmoja astaafu, mwembamba kiasi kwamba wenzake kituoni walimwita Fito. Alikuwa akipaka poda ya alama za vidole kwenye mlango wa kabati, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo.

"Kufuli je?"

"Zima, afande. Limefunguliwa kwa ufunguo na limefungwa kwa ufunguo."

"Na ufunguo uko wapi?"

"Nyuma ya mlango, kwenye msumari. Umeandikwa kabisa: ufunguo wa kabati."

Inspekta alicheka kwa pua. Miaka kumi na tisa ya upelelezi ilikuwa imemfundisha kuvunja milango, kuruka kuta na kulala na buti. Haikumfundisha kupeleleza watu wanaoandika ufunguo wao jina.

Kile kilikuwa kituo cha utafiti, nyumba ya vyumba vinne iliyoezekwa kwa bati, imejibanza kando ya msitu wa kinamasi. Mabuti ya mpira yalining'inia barazani. Mezani palijaa vichupa vya kioo na sindano kubwa zisizo na ncha. Aliyepiga simu polisi alikuwa Mtaalamu, mkuu mpya wa kituo, mwenye miezi mitatu tu kazini. Miwani ilikuwa imemshuka puani, na vifungo vya shati kavifunga kombo.

"Uliyaona lini mara ya mwisho?"

"Jana Jumanne, asubuhi. Leo nimefungua, hakuna."

"Ndani yana nini?"

"Gesi."

Koplo alisimamisha brashi yake. "Gesi ndani ya daftari?"

"Hesabu za gesi, mzee wangu. Methani. Majani yanaoza chini ya tope, mahali pasipo hewa, gesi inazaliwa. Inapanda kupitia tope, nyingine inapita ndani ya mashina ya miti kama moshi kwenye bomba. Huioni, huinusi. Ikifika angani inashika joto kama blanketi. Kila nchi inatakiwa iseme misitu yake inatoa kiasi gani, na kama inaongezeka au inapungua mwaka hadi mwaka."

"Na ninyi mnapima."

"Kila Jumanne, miaka ishirini na mmoja. Daftari moja kwa mwaka. Anayepima ni mtu mmoja tu, Mzee Sindano. Mkuu aliyenitangulia alimwajiri, akamfundisha, akamwachia."

"Namba hamkuziingiza kwenye kompyuta?"

"Namba zipo." Mtaalamu alimwonyesha mchoro uliobandikwa ukutani. Mstari mwekundu ulikaa juu miaka kumi na minne, halafu ukaanguka ghafla hadi nusu, kama mtu aliyekosa ngazi gizani. "Tatizo ni hapa. Miaka saba iliyopita gesi ilipungua nusu, ndani ya mwezi mmoja! Msitu uleule, maji yaleyale. Kamati ya ripoti ya nchi inakaa Ijumaa. Wanataka kuyaona madaftari yenyewe, wajue namba zilipatikanaje. Wasipoyaona, wanafuta miaka kumi na minne yote. Itakuwa kama vile mzee wa watu hakuwahi kukanyaga msitu ule."

Inspekta aliutazama mstari, kisha rafu. Mwizi alikuwa amebeba miaka ya juu. Miaka ya chini ameiacha, tena ameitegemeza kwa tofali.

"Huyu si mwizi wa nje," alisema taratibu. "Huyu ni mtu wa nyumbani."

Mlinzi wa geti alikuja akiwa amechomekea shati haraka haraka, upande mmoja ndani, mwingine nje.

"Jana nani aliingia hapa?"

"Hakuna, afande. Naapa."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna mgeni. Mzee Sindano na mkewe walikuja na toroli lao la vichupa, kama kila Jumanne. Lakini wale si wa kuwaita wameingia. Wale ni wa humuhumu."

"Toroli lilisukumwa na nani?"

"Mama. Mzee ana goti."

"Goti tangu lini?"

"Ee, miaka." Mlinzi aliuma ulimi, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

"Sasa mtu mwenye goti bovu la miaka anaingiaje kwenye tope kila Jumanne?"

"Afande, mimi nalinda geti," alisema Mlinzi, macho chini. "Tope si langu."

Inspekta hakumkaba zaidi. Alichukua daftari moja kati ya yale saba, akalitia kwenye mfuko wa vielelezo, akamwita Koplo garini.

Nyumba ya Mzee Sindano ilikuwa umbali wa kutupa jiwe, ya udongo uliopigwa lipu vizuri, uwanja umefagiliwa hadi alama za ufagio zinaonekana. Mzee mwenyewe alikuwa mtu wa mwili hasa. Mlango wake aliuingia kwa ubavu, na kiti alichokalia kilikuwa kimefungwa waya miguuni. Mkewe alikuwa mdogo, mkavu, mwenye mikono isiyotulia. Alikuwa akimenya vitunguu.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo, kile kiti kingine kitakuangusha."

Koplo alikaa kwenye kile kingine. Hakikumwangusha.

"Mzee, umesikia habari za madaftari?"

"Nimesikia." Mzee Sindano alijifuta uso kwa kiganja. "Wameniibia maisha yangu, binti yangu. Ijumaa ndiyo nilikuwa naingoja. Watu wazima wenye miwani, wakae waisome kazi yangu! Nilishanyoosha na shati."

Kisu cha mkewe kilisimama juu ya kitunguu, kikaendelea.

"Niandikie hapa namba," alisema Inspekta. "Nne, saba na tisa. Basi."

Mzee aliandika. Inspekta alifungua daftari la kielelezo, akayaweka maandishi mawili ubavu kwa ubavu. Nne ya mzee ilikuwa nzito, imefungwa juu. Nne ya daftarini ilikuwa wazi, nyembamba, kama kiti kilichopinduliwa.

"Mwandiko huu si wako."

Nje kuku alikuwa akipekua.

"Mzee, nani amepima gesi miaka hii saba?"

Mzee Sindano alivuta pumzi hadi kiti kikalia. Alimtazama mkewe, akamtazama Inspekta, akapiga moyo konde.

"Nimeiba mimi," alisema.

"Umeiba nini?"

"Madaftari. Niandike mimi. Leteni pingu, mikono yangu hii hapa."

"Umeyapeleka wapi?"

"Nimeyatupa."

"Wapi?"

"Mtoni."

"Mto upi?"

"Huo... huo mkubwa."

"Mzee wangu," alisema Koplo kwa huruma, "hapa hakuna mto mkubwa."

"Basi mdogo!"

Inspekta aliinamisha uso asionekane anacheka. "Na kwa nini uliyatupa?"

"Kwa sababu hiyo hiyo uliyoiona. Goti lilinikatalia miaka saba iliyopita. Kazi ingekwenda kwa mtu mwingine. Mwenzangu akasema, nifundishe, nitakwenda mimi. Nikamfundisha. Hajawahi kukosa Jumanne hata moja, mvua ya mawe, homa, hata wiki tuliyomzika dada yake. Na namba zake ni safi kuliko zangu. Kosa ni langu mimi niliyetia jina langu kwenye kazi yake. Yeye muacheni."

Mkewe alikuwa amefunika uso kwa upande wa khanga. "Vitunguu hivi," alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza.

"Maneno yako yamenyooka, mzee," alisema Inspekta. "Isipokuwa mahali pamoja. Kama ulitaka kuficha mwandiko wa mama, ungeiba haya saba. Mwandiko wake umo humu. Mbona umeyaacha haya, ukabeba yale kumi na manne yenye mwandiko wako mwenyewe?"

Ilikuwa wazi kwamba swali lile hata Mzee Sindano mwenyewe hakuwahi kujiuliza. Aligeuka polepole kumtazama mkewe, na kwa mara ya kwanza usoni pake palikuwa na mshangao wa kweli.

Inspekta alisimama.

"Mama, nipeleke kinamasini. Nataka kuona mnavyopima."

Mtaalamu alikuja nao, na Koplo. Mzee alibaki kibarazani na goti lake, akiwasindikiza kwa macho. Njiani miti ilianza kusimama juu ya mizizi mirefu, ardhi ikawa nyeusi, kisha ikaacha kabisa kuwa ardhi. Kwenye uwazi mdogo palikuwa na pete sita za plastiki zilizozamishwa topeni.

Mama alikuwa na mlango wa kale usio na bawaba, umeegemezwa kwenye mti. Aliuburuta, akaulaza juu ya tope, akapanda na kupiga magoti. Alifunika sanduku la plastiki juu ya pete, akasubiri, akavuta sindano kwenye kizibo cha mpira, akasukuma hewa ndani ya kichupa. Mikono ile isiyotulia sasa ilitulia kama ya fundi saa.

"Dakika sifuri," alisema. "Halafu kumi. Halafu ishirini, halafu thelathini. Usipige chafya."

"Huu mlango nani alikufundisha?"

"Hakuna. Mimi naogopa tope. Siku ya kwanza buti lilibaki humo, likaenda moja kwa moja. Nikasema, hapana."

"Na mzee alikuwa anapigia magoti wapi?"

Mikono ya mama ilisimama.

"Yeye haogopi tope," alisema.

"Koplo," aliita Inspekta, "hebu kanyaga pale karibu na pete ile."

Koplo alikanyaga. Buti liliingia kidogo, tope likanyamaza.

"Sasa ngoja." Inspekta alikuwa na mwili wa mama wa watoto watatu na haukumwonea haya. Alivua viatu, akakunja suruali, akasogea alipokuwa Koplo. Tope likammeza hadi nusu ya muundi. Pande zote za mguu wake yakapanda mapovu, makubwa kwa madogo, yakipasuka kama maji ya sufuria yanayotaka kuchemka. Mengine yalitokea mbali kidogo, katikati ya pete.

"Afande," alisema Koplo, "mimi sisemi kitu."

"Usiseme."

Mtaalamu alikuwa amevua miwani. "Lakini kuna njia ya mbao," alisema. "Ripoti ya kwanza kabisa inasema. Mpimaji anasimama juu ya njia ya mbao, hagusi tope. Nilidhani imeoza juzijuzi."

"Ilisombwa na maji mwaka wa kwanza," alisema mama, sauti ndogo. "Haikujengwa tena."

Inspekta aliuchomoa mguu wake, mapovu mengine yakafuata. Alikwenda akakaa ukingoni mwa ule mlango, karibu na mama, tope likimchuruzika kwenye vifundo.

"Ulijua lini, mama?"

Mama alimalizia kwanza kichupa cha dakika kumi. Kisha akafungua moyo.

"Mwezi uliopita. Huyu mwanangu mwenye miwani alikuja nyumbani, akamuuliza mzee: miaka saba iliyopita kulitokea nini, mbona gesi imeanguka? Mzee akasema hajui. Kweli hajui. Akaona aibu, akajikokota hadi hapa aangalie mwenyewe. Nilikuwa nyuma yake. Akasimama pale alipozoea kusimama. Nikaona yale mapovu, mwanangu. Yanamtoka miguuni kama anachemka."

"Yeye aliyaona?"

"Alikuwa anatazama miti. Yeye akiingia huku anatazama miti." Alitabasamu kidogo, tabasamu likazimika. "Nikajua. Miaka kumi na minne amekuwa anapima msitu na uzito wake juu. Na watu wa Ijumaa wakilinganisha madaftari yake na yangu watajua, watacheka. Mzee mnene aliyepima miguu yake! Kanyoosha na shati. Nikasema, madaftari yasipokuwepo, watachukua namba za kwenye kompyuta hivyo hivyo, yaishe. Jana mzee alipokuwa anapanga vichupa, nikayabeba kwenye toroli chini ya turubai. Nimeiba. Niandike mimi, si yeye."

Mtaalamu alitaka kusema, Inspekta akamzuia kwa kidole.

"Uliyachoma?"

"Nilipiga kibiriti mara mbili. Nikashindwa. Ni mwandiko wake, mwanangu. Nitauchomaje? Yako kwenye sanduku la mashuka."

"Mama, nikuambie jambo zito?" Inspekta alimshika bega. "Bila madaftari hawachukui namba. Wanazifuta. Ijumaa hiyohiyo. Miaka yake yote kumi na minne inatupwa."

Mama aligeuka akamtazama Mtaalamu. Mtaalamu akaitikia kwa kichwa, taabani. Ndipo yule mama mdogo, aliyevumilia mvua ya mawe, akalia. Alilia bila kelele, na mkono mmoja bado umeshika sanduku lisisogee, maana dakika ishirini zilikuwa hazijafika.

Walirudi nyumbani wakamkuta mzee palepale. Mama hakutaka mtu mwingine amsemee. Aliingia ndani, akatoka amekumbatia madaftari ya kwanza yaliyofungwa kwa nailoni, akayaweka miguuni pa mumewe, akamweleza yote akiwa amesimama, kama mtoto wa shule.

Mzee Sindano alisikiliza hadi mwisho. Hakupepesa macho.

"Kwa hiyo nilikuwa napima miguu yangu," alisema.

"Si yote," alisema mama haraka. "Msitu nao ulikuwemo."

"Na wewe uliniibia ili nisijue."

"Ndiyo."

"Mwanamke wewe." Aliyanyoshea madaftari kidole. "Kama ungeyafungua tu kabla hujayaficha!"

Aliinama kwa taabu, akalifungua daftari la kwanza kabisa, akalisogeza kwa Inspekta. Kila ukurasa ulikuwa na safu mbili. Kushoto namba. Kulia maelezo, kwa ule mwandiko mzito. Inspekta alisoma kwa sauti:

"Jumanne. Maji ya mvua yamechukua njia ya mbao. Nimesimama kwenye tope, mashariki mwa pete, hatua moja. Nimezama hadi muundi. Nimemwambia mkuu."

Aligeuza. "Nimesimama kwenye tope, mashariki mwa pete, hatua moja." Akageuza tena. "Nimesimama kwenye tope. Mkuu anasema mbao zinakuja." Alichukua daftari la tatu, la tano, la tisa. Kila Jumanne, mwaka baada ya mwaka, mtu yule alikuwa ameandika aliposimama, alivyozama, na kama ndege waliimba.

"Hakuna aliyesoma upande wa kulia," alisema Mtaalamu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeona haya kwa niaba ya wengi. "Walinakili namba tu. Miaka yote. Na mimi pia."

"Sikujua mapovu," alisema Mzee Sindano. "Lakini niliambiwa niandike kila kitu, nikaandika kila kitu."

Mtaalamu alikuwa ameshachuchumaa chini, kurasa zimemzunguka kama karanga zilizoanikwa. "Mzee, unaelewa hii ni nini? Ulipokuwa umesimama panajulikana! Ulivyozama kunajulikana! Ukisimama tena palepale, tukapima ukiwa topeni, tukapima ukiwa hujakanyaga, tutajua mguu wako ulikuwa unaongeza kiasi gani. Tunaondoa hicho. Unaobaki ni msitu. Miaka ishirini na mmoja, mstari mmoja!"

"Mwili umebaki uleule?" aliuliza Koplo.

"Huu haujapungua hata robo," alisema mama, akijifuta machozi. "Mimi ndiye ninayeulisha, najua."

Inspekta alifungua jalada lake juu ya goti. "Mtaalamu, wewe ndiye mlalamikaji. Unasemaje?"

"Mimi? Sina malalamiko na mtu. Labda na kituo changu mwenyewe."

Inspekta aliandika: mali yote imepatikana, mlalamikaji ameridhika. Akasita kidogo, akaongeza kwamba jina la mpimaji wa miaka saba lirekebishwe kwenye kumbukumbu. Mama aliponyanyua kichwa, yeye akajifanya anatafuta kifuniko cha kalamu.

Ijumaa, Mzee Sindano alivaa lile shati. Kamati ilisomewa upande wa kulia, ukurasa baada ya ukurasa. Hakuna aliyecheka isipokuwa palipoandikwa: leo chura amekaa juu ya sanduku dakika zote thelathini, sijui kama anahesabika. Wakampa Mtaalamu mwezi mmoja apime upya.

Jumanne iliyofuata, asubuhi, Inspekta alipita kinamasini kuchukua sahihi ya mwisho. Alimkuta Koplo, aliyeomba ruhusa ya nusu siku, akisukuma toroli akisaidiana na Mlinzi. Torolini alikaa Mzee Sindano, ameshika kingo kwa mikono miwili.

"Gunia gani hili linalotoa amri?" alihema Koplo.

"Kushoto, kushoto, utaniua!"

Walimshusha. Alivua viatu mwenyewe, hakutaka msaada. Akaingia topeni mashariki mwa pete, hatua moja, akazama hadi muundi. Mapovu yakapanda pande zote. Safari hii hakutazama miti. Aliyatazama yale mapovu kwa muda mrefu, akatikisa kichwa, akacheka hadi tope likatikisika.

"Simama vizuri," alisema mkewe kutoka juu ya mlango wake, sindano mkononi. "Unanichezea pete."

"Nimesimama."

"Dakika sifuri. Usisogee."

"Nisogee niende wapi, mama? Nimenasa."

Mkewe alivuta sindano, akajaza kichupa, akakifunga. Kisha akafungua daftari jipya na, kabla ya kuandika chochote upande wa namba, akaandika upande wa kulia, kwa ile nne yake iliyo wazi kama kiti kilichopinduliwa, uzito wa mumewe.